Rekodi Haipo au Imefutwa: Mwongozo Kamili wa Kusaka Chanzo Chake Kwenye Odoo

Karani wa stoo ya Chake Chake amemaliza kuhesabu mapolo ya mchele. Ameandika 212 kwenye Odoo, programu ya kuendeshea stoo, mauzo na hesabu za biashara, amebonyeza Apply, na badala ya hesabu kuingia kimemtokea kisanduku hiki:

```
Record does not exist or has been deleted.
(Record: stock.quant(881,), User: 9)
```

Kawaida atapiga picha kwa simu na kumtumia fundi aliyeko Unguja, na picha itakuwa imekata mstari wa pili. Mwambie airudie, kwa sababu mstari huo ndio wenye kazi. Wa kwanza unasema kuna kitu hakipo. Wa pili unataja aina ya kitu (`stock.quant`, yaani mstari wa akiba ya bidhaa), namba yake (881, mkato ulio mbele yake ni namna Python, lugha iliyoandikiwa Odoo, inavyoandika orodha yenye kitu kimoja) na mtumiaji aliyekiomba (namba 9 katika jedwali la watumiaji).

Kila kosa la namna hii lina pande mbili: kitu kilichoondoka, na mahali ambapo bado kinatajwa. Mafundi wengi huhangaika na upande wa kwanza, wakataka kujua nani kafuta na vipi kirudi. Chanzo karibu kila mara kiko upande wa pili. Mwongozo huu unafuata njia hiyo, kwa Odoo inayoendeshwa kwenye seva yenu wenyewe ya Linux na PostgreSQL, programu inayotunza hifadhidata. Katika mifano yote hifadhidata inaitwa `duka`, na moduli (kifurushi cha nyongeza) mliyojitengenezea inaitwa `duka_pemba`.

Kabla hujagusa kitu

Chukua bekapu, na uichukue ya vitu viwili: hifadhidata, na folda ya mafaili yaliyoambatishwa inayoitwa filestore. Ukichukua kimoja bila ya mwenzake, umejitengenezea kosa jengine la aina hii hii, kama utakavyoona mbele.

```
sudo -u postgres pg_dump -Fc -f /var/lib/postgresql/duka_kabla.dump duka
```

Kisha tengeneza nakala ya majaribio, ufanye uchunguzi wote humo:

```
sudo -u postgres createdb -O odoo duka_majaribio
sudo -u postgres pg_restore --no-owner --role=odoo \
  -d duka_majaribio /var/lib/postgresql/duka_kabla.dump
```

Folda ya filestore nayo inakiliwa kwa jina jipya, `duka_majaribio`, kwa kuwa Odoo huitafuta kwa jina la hifadhidata. Mahali ilipo hutegemea `data_dir` katika `/etc/odoo/odoo.conf`. Iangalie hapo, usibahatishe.

Kabla ya kuiwasha nakala, izime mdomo. Nakala ya hifadhidata hai ina anwani za barua pepe za wateja wote na kazi zote zinazojiendesha kwa saa zilizopangwa, na ikiwaka tu inaweza kuanza kuwatumia mahoteli ya Nungwi ankara zilizokwishalipwa. Kuanzia toleo la 16 ipo amri ya kazi hii:

```
sudo -u odoo odoo neutralize -c /etc/odoo/odoo.conf -d duka_majaribio
```

Kwa matoleo ya nyuma, ingia kwa `psql`, programu ya kuandikia amri za hifadhidata, na uzime kwa mkono: `UPDATE ir_mail_server SET active = false;` na `UPDATE ir_cron SET active = false;`. Hakikisha uko ndani ya nakala. Andika `\conninfo` na usome jina la hifadhidata kabla ya kila amri inayobadilisha kitu. Hilo si woga, ni kazi ya sekunde mbili.

Tafuta kosa kamili kwenye logi

Logi ni faili ambamo Odoo huandika kila kinachotokea, na kisanduku cha skrini ni muhtasari tu. Habari nzima iko katika `/var/log/odoo/odoo-server.log`, na hapa kuna mtego wa saa unaowapotezea watu asubuhi nzima. Odoo huandika logi kwa saa za UTC, nasi tuko saa tatu mbele yake. Karani akikwambia kosa lilitokea saa nne na robo asubuhi, hiyo ni 10:15 ya hapa, na kwenye logi itakuwa 07:15. Ukitafuta 04:15 au 10:15 utasoma makosa ya watu wengine.

```
grep -n -E "MissingError|External ID|KeyError|does not exist|No such file" \
  /var/log/odoo/odoo-server.log | tail -20
```

Ukishapata namba ya mstari, fungua faili hapo na usome kutoka chini kwenda juu. Mstari wa mwisho ni kosa lenyewe. Juu yake kuna msururu wa mafaili ambamo ombi lilipita. Mtafute wa kwanza kutoka chini ulio ndani ya folda ya moduli zenu. Kama upo, anza na huo kabla ya kuishuku Odoo.

Maneno ya mstari wa mwisho yanakwambia uko katika kosa la aina gani. Ukiona `MissingError`, namba ya rekodi haipo. Ukiona `External ID not found in the system`, ni jina la rekodi lisilojulikana. `KeyError` yenye jina la modeli (aina ya rekodi, kama `stock.quant`) ina maana msimbo wa moduli haukupakiwa. `UndefinedTable` au `UndefinedColumn` inatoka PostgreSQL: jedwali au safu haipo. `FileNotFoundError` ni faili lililokosekana kwenye diski. Makosa haya matano hutibiwa mbalimbali kabisa, na dawa ya moja inaweza kuharibu kwa jengine.

Namba haipo: MissingError

Hakikisha kwanza kwamba kweli haipo. Jina la jedwali ni jina la modeli, nukta zikigeuzwa mistari ya chini:

```
SELECT id FROM stock_quant WHERE id = 881;
```

Ikirudi rekodi, uko kwenye hifadhidata nyingine. Seva yenye `duka`, `duka_majaribio` na `duka_zamani` humchanganya hata mzoefu. Isiporudi kitu, endelea.

Tubaki kwa karani wetu wa Chake Chake, maana kosa lake ndilo linalotokea zaidi na ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. Wengi hudhani mstari wa akiba ni kitu cha kudumu kama kadi ya bidhaa. Sivyo. Odoo huweka mstari mmoja kwa kila mchanganyiko wa bidhaa, mahali, toleo la mzigo, kifungashio na mwenye mali, na mistari hiyo huifanyia usafi yenyewe. Mistari miwili inayofanana huunganishwa ikawa mmoja, na ule wa pili hufutwa. Mstari ambao akiba yake ni sifuri, hauna kilichowekewa oda, hauna hesabu iliyoandikwa na hakuna mtu aliyepangiwa kuuhesabu, nao hufutwa. Usafi huu hufanyika pia pale mtu yeyote anapofungua ukurasa wa kuhesabu mali.

Sasa lione tukio lenyewe. Karani amefungua orodha saa mbili asubuhi akaenda kuhesabu. Saa tatu, ofisi ya Unguja imethibitisha mzigo uliotoka, au mwenziwe amefungua ukurasa ule ule, na mstari 881 umeunganishwa na mwengine. Skrini ya karani haijui. Saa nne anabonyeza Apply, na skrini inaomba 881 ambayo haipo tena. Mchele upo, akiba ipo, kilichobadilika ni namba ya mstari tu.

Dawa ni kufungua upya ukurasa kwa F5. Hata hivyo asiandike tena 212 papo hapo. Aangalie kwanza mfumo unasema ngapi sasa, na kama kuna mzigo uliotoka baada ya yeye kuhesabu. Ikiwa mapolo 30 yametoka saa tatu, kuandika 212 kutayarudisha kwenye vitabu mapolo 30 yaliyokwishapanda gari.

Kuzuia lisirudi: uhamisho wote wa stoo hiyo ufungwe kabla ya kuhesabu, mahali pamoja pahesabiwe na mtu mmoja, hesabu iandikwe karatasini kisha iingizwe kwa mafungu madogo badala ya kuacha skrini wazi tangu asubuhi. Na kuanzia toleo la 15, mpangie mtu kila mstari kwa kutumia ombi la kuhesabu. Mstari wenye jina la mtu haufutwi hata ukiwa sifuri, na katika stoo yenye bidhaa zinazoisha mara kwa mara hilo peke yake huondoa sehemu kubwa ya makosa haya.

Kiungo kilichohifadhiwa kinafanana na hili. Mtu ametumiwa anwani ya oda kwenye WhatsApp, oda ikafutwa ingali rasimu, naye anaifungua baada ya siku tatu. Hakuna cha kutengeneza hapo. Mwelekeze atafute oda kwa namba yake.

Kazi halisi huanza pale kosa linapojirudia kila siku, kwa namba ile ile, hata baada ya kufungua upya. Hapo kuna kitu ndani ya hifadhidata kinachoendelea kuitaja rekodi iliyoondoka.

Si kila mahali pa kutazamwa. Sehemu nyingi zinazounganisha rekodi moja na nyengine zimefungwa na PostgreSQL kwa funguo za kigeni. Ukijaribu kufuta kilichotajwa, ama inakataa, ama inafuta na kinachokitaja, ama inaacha nafasi tupu. Viungo visivyo na ulinzi huo ni vile vinavyoweka jina la modeli na namba kama maandishi au tarakimu tu. Odoo yenyewe inaweza kukuorodheshea:

```
SELECT model, name, ttype FROM ir_model_fields
WHERE ttype IN ('reference', 'many2one_reference') AND store;
```

Kila mstari utakaotoka ni mlango uliowazi. Mfano mmoja ni kazi za kukumbusha, zile zinazoonyesha saa ndogo juu ya skrini. Kuzipata zilizobaki bila ya mwenyewe:

```
SELECT a.id, a.res_id, a.user_id FROM mail_activity a
WHERE a.res_model = 'stock.picking'
AND NOT EXISTS (SELECT 1 FROM stock_picking p WHERE p.id = a.res_id);
```

Ukizipata, zifute ndani ya muamala: andika `BEGIN;`, kisha `DELETE`, soma idadi inayorudi, na ikilingana na uliyoitarajia ndipo uandike `COMMIT;`. Isipolingana, `ROLLBACK;`.

Vitendo vya mfumo, yaani vile vinavyofungua kurasa, navyo havina ulinzi, kwa sababu jedwali lao limejengwa kwa kurithiana na ufunguo wa kigeni haufanyi kazi juu yake. Ikiwa mtumiaji mmoja tu anapata kosa mara anapoingia na wengine wote wako salama, tazama ukurasa wake wa kuanzia:

```
SELECT id, login, action_id FROM res_users WHERE id = 9;
```

Ikiwa kitendo hicho hakipo tena, kitoe: `UPDATE res_users SET action_id = NULL WHERE id = 9;` kisha washa upya Odoo. Kuwasha upya ni lazima kila unapobadilisha kitu kwa SQL, maana Odoo ina kumbukumbu yake ya ndani ambayo haijui ulichokifanya nyuma yake.

Kipo pia kisa cha kimya. Hadi toleo la 17, akaunti maalumu ya mteja huwekwa katika jedwali `ir_property` kama maandishi, kwa mfano `account.account,57`. Odoo hukataa kufuta akaunti iliyo chaguo la jumla. Iliyowekwa kwa mteja mmojammoja nayo huikatalia, lakini kufuta kwa SQL moja kwa moja huipita kinga hiyo. Ikifutwa hivyo, hutapata kisanduku chochote; akaunti ya mteja itasomeka tupu, na tatizo litajitokeza siku ya kutoa ankara kwa ujumbe tofauti kabisa. Watafute hivi:

```
SELECT p.id, p.name, p.res_id, p.value_reference FROM ir_property p
WHERE p.value_reference LIKE 'account.account,%'
AND NOT EXISTS (SELECT 1 FROM account_account a
  WHERE a.id = split_part(p.value_reference, ',', 2)::int);
```

Kuanzia toleo la 18 jedwali hilo halipo. Thamani iko kwenye safu ya mteja mwenyewe katika muundo wa JSON, ufunguo ukiwa namba ya kampuni.

Mwisho, tafuta namba iliyoandikwa kwa mkono ndani ya msimbo: `grep -rn "browse([0-9]" /opt/odoo/moduli/`, ukiweka njia ya folda yenu. Fundi anayeandika `browse(57)` ametegemea kwamba 57 itakuwa kitu kile kile daima. Kwenye nakala ya majaribio huenda ikawa hivyo, kwenye seva ya tawi la Wete haitakuwa. Mahali pake atumie jina la nje la rekodi, jambo linalotupeleka kwenye kosa linalofuata.

Jina halijulikani: External ID

```
ValueError: External ID not found in the system: duka_pemba.uhamisho_wa_boti
```

Kabla ya nukta ni moduli, baada yake ni jina. Yote huwekwa katika `ir_model_data`:

```
SELECT id, model, res_id, noupdate FROM ir_model_data
WHERE module = 'duka_pemba' AND name = 'uhamisho_wa_boti';
```

Usipopata kitu, kuna sababu nne za kuangalia kwa mpangilio huu. Jina limekosewa herufi. Faili la XML lenye rekodi hiyo halikuorodheshwa kwenye `data` ndani ya `__manifest__.py`. Limeorodheshwa, ila chini ya faili linaloitumia. Odoo husoma kutoka juu kwenda chini, na kinachotajwa lazima kitangulie kinachokitaja. Au mtu ameifuta rekodi kwenye skrini, na Odoo ikafuta jina lake pamoja nayo. Kwa hiyo ya mwisho, kusasisha moduli huiumba upya, hata kama ilitiwa alama ya `noupdate`, isipokuwa mwandishi wake aliweka `forcecreate="False"`. Itarudi na namba mpya, kwa hiyo miamala ya zamani haitajiunga nayo yenyewe.

Ukipata mstari lakini rekodi ya `res_id` haipo, mtu amefuta kwa SQL moja kwa moja. Kwenye logi utaona maneno `No record found for unique ID`. Futa mstari huo wa `ir_model_data` kwa namba yake, kisha sasisha moduli.

Kuna hali ya tatu inayotesa watu kwa siku nyingi: jina lipo, unaliona kwa macho ukiorodhesha moduli nzima, lakini ukiliuliza kwa jina kamili halirudi. Huo ni ubovu wa faharasa, orodha ya pembeni ambayo PostgreSQL huitumia kutafuta kwa haraka. Hutokea hasa pale folda ya data ya PostgreSQL ilipobebwa nzima kutoka Linux ya zamani kwenda mpya. Maktaba ya glibc toleo la 2.28 ilibadilisha mpangilio wa herufi, na faharasa za maandishi zilizopangwa kwa utaratibu wa zamani huanza kudanganya. Jaribu hivi ndani ya `psql`:

```
SET enable_indexscan = off;
SET enable_indexonlyscan = off;
SET enable_bitmapscan = off;
```

Rudia swali lako. Likirudi na jibu sasa, faharasa ndiyo mbovu. Simamisha Odoo, kisha `REINDEX DATABASE duka;`. Ikikataa kwa sababu ya mistari iliyojirudia, itabidi kuondoa marudio kwanza, moja moja, kwa kuangalia ipi inatumika. Seva zinapohamishwa, tumia `pg_dump` na `pg_restore`, maana hujenga faharasa upya.

Modeli haijapakiwa: KeyError

Hili hutokea sana baada ya kuhamisha seva. Soma logi ya wakati Odoo inawaka, utafute `Some modules are not loaded`. Majina yanayofuata ni moduli ambazo hifadhidata inasema zimewekwa lakini folda zake hazionekani. Angalia `addons_path` kwenye faili la mipangilio, kisha ruhusa: folda iliyonakiliwa na root huenda haisomeki na mtumiaji odoo. `sudo -u odoo ls` juu ya folda hiyo itakupa jibu mara moja. Kama moduli ni mpya, hakikisha faili la modeli limeitwa ndani ya `__init__.py`.

Usijaribu kuiondoa moduli kwenye skrini ili kosa lipotee. Kuiondoa hufuta majedwali yake na data iliyomo.

Jedwali au safu haipo

```
psycopg2.errors.UndefinedColumn: column res_partner.namba_zra does not exist
```

Mtu ameweka msimbo mpya akawasha upya Odoo bila ya kusasisha moduli. Kuwasha upya hupakia msimbo, na msimbo unatarajia safu. Safu huumbwa wakati wa kusasisha tu. Ikiwa safu ni ya `res_partner`, hata kuingia kwenye mfumo kunaweza kushindikana, maana kila mtumiaji ana rekodi humo. Kwa hiyo sasisha kwa mstari wa amri:

```
sudo systemctl stop odoo
sudo -u odoo odoo -c /etc/odoo/odoo.conf -d duka -u duka_pemba --stop-after-init
sudo systemctl start odoo
```

Taja moduli yako peke yake. `-u all` husasisha kila kitu, huchukua muda mrefu, na inaweza kurudisha mipangilio ambayo mhasibu aliirekebisha kwa mkono. Usiumbe safu kwa `ALTER TABLE` pia. Aina yake ikitofautiana na ya msimbo, umehamisha kosa kwenda mbele tu.

Kwa `relation ... does not exist`, tafuta jedwali katika skima zote kwa `\dt *.jina_la_jedwali`. Likionekana nje ya `public`, tatizo ni `search_path` au bekapu iliyorudishwa pasipo pake.

Faili halipo

Nembo ya duka imetoweka, ukurasa umefunguka bila ya rangi wala mpangilio, na logi inasema `No such file or directory` ikitaja filestore. Hii ni bekapu ya hifadhidata iliyorudishwa bila ya mafaili yake. Kila faili huitwa kwa alama yake ya SHA-1, likakaa kwenye folda ya herufi mbili za mwanzo za alama hiyo. Pima ukubwa wa tatizo:

```
SELECT count(DISTINCT store_fname) FROM ir_attachment WHERE store_fname IS NOT NULL;
```

Linganisha na idadi ya mafaili kwenye diski, ukiiacha nje folda ya `checklist`. `DISTINCT` ina maana hapo, kwa sababu viambatisho viwili vyenye maudhui sawa hutumia faili moja.

Mafaili ya sura ya kurasa hujengeka upya: `DELETE FROM ir_attachment WHERE url LIKE '/web/assets/%';` kisha washa upya. Skani za mikataba, hati za forodha na ankara za wauzaji hazijengeki. Zitoke seva ya zamani kwa `rsync -a`, kisha `chown -R odoo:odoo`. Usiifute wala usiiuze seva ya zamani mpaka idadi zilingane.

Yanayofanana nalo

Rekodi iliyowekwa kwenye hifadhi ya zamani, `active` yake ikiwa `false`, haionekani kwenye orodha lakini ipo. Tumia kichujio cha zilizohifadhiwa (Archived). Na rekodi ya kampuni nyingine hutoa kosa la ruhusa. Hapa kwetu hilo huonekana sana, kwa sababu biashara yenye duka Darajani na ofisi Dar es Salaam huwa na kampuni mbili kwenye mfumo: moja ina kodi za ZRA (mamlaka ya mapato ya Zanzibar), nyingine za TRA (mamlaka ya mapato ya Tanzania), kwa kuwa Zanzibar ina sheria yake ya VAT. Mtumiaji achague kampuni sahihi juu ya skrini. Kumpa haki za msimamizi mkuu ili kosa liondoke ni kumfungulia vitabu vya pande zote mbili.

Na umeme. Waliokuwepo Unguja wanakumbuka giza la kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, na tangu hapo kila hitilafu ya kompyuta husukumiwa umeme. PostgreSQL huandika kila badiliko kwenye kumbukumbu ya WAL kabla ya kulithibitisha, kwa hiyo umeme ukikatika, muamala uliothibitishwa hubaki na usiothibitishwa hutoweka mzima. Haichomoi rekodi moja katikati. Diski inayodai imeandika kabla haijaandika inaweza kuharibu data kweli, lakini dalili zake ni maneno kama `invalid page in block` au `could not read block`. Ukiyaona hayo, simamisha PostgreSQL, nakili folda yake nzima kwenye diski nyingine kabla ya jaribio lolote, kisha rudi kwenye bekapu ya mwisho iliyo nzima.

Baada ya kutengeneza

Rudia kitendo kile kile, kwa mtumiaji yule yule, tawi lile lile. Ukijaribu kwa akaunti ya msimamizi hujajaribu kitu. Andika tarehe, modeli, namba na ulichobadilisha, hata kwenye daftari la kawaida lililo juu ya seva.

Kisha ondoa haki ya kufuta kwa makarani kwenye wateja, bidhaa na akaunti, uwaachie kuziweka kwenye hifadhi ya zamani (Archive) tu. Katika moduli zenu, weka `ondelete='restrict'` kwenye kila kiungo cha kitu ambacho biashara haiwezi kukikosa. Bekapu ya Unguja ikae Pemba, na ya Pemba ikae Unguja, hifadhidata na filestore pamoja. Mara moja kwa mwezi irudishe kwenye hifadhidata ya majaribio, uizime mdomo, ufungue ankara moja yenye kiambatisho, na uone kama PDF yake inafunguka.